Tarehe ya Kurudisha

Wiki tatu nilikuwa ng'ambo, mafunzo ya kutunza vitabu.
Jana nimerudi Moshi na mafua,
leo saa mbili kasoro nikafungua maktaba,
mlango ule unaobana mvua ikinyesha,
nikauinua kidogo kwa goti, kama kawaida,
harufu ikanipokea: gundi, unyevu,
na kahawa inayokaangwa upande wa pili wa reli.

Bwana Kiwelu akauliza, Huko kukoje?
Nikasema, Baridi. Nikasema, Lifti.
Vitabu vinapanda lifti peke yake, Mzee,
vinamshukia msomaji kama uji wa mgonjwa.
Kuna chumba ambacho hewa yake hupimwa asubuhi na jioni.
Nilisimama humo nikakumbuka ndoo zetu tatu
chini ya rafu ya Historia, masika yaliyopita,
na ensaiklopidia tulivyoianika juani
kurasa kwa kurasa, kama ulezi.

Hayo nimemwambia.
La makumbusho sijamwambia.

Ghorofa ya pili, kabati la kumi na moja,
nyuma ya kioo kisicho na alama hata ya kidole,
imelazwa fimbo.
Imechongwa mikato: mmoja, pengo,
mitatu, duara, mingi tena imebanana.
Kibandiko kinasema: Fimbo ya kutembelea. Kilimanjaro.
Mtengenezaji hajulikani.

Nilicheka peke yangu, mlinzi akageuka.
Ya kutembelea! Haifiki hata gotini.
Babu Ndetaulwa alinieleza siku moja,
bomba la dawa ya kahawa mgongoni,
ndevu zimeingia buluu ya mrututu:
mregho hautembelewi, unasomwa.
Mwalimu huweka kidole kwenye mkato, kijana hujibu.
Huu mimba. Huu mtoto. Huu namna ya kuishi na watu.
Ukiruka mmoja, unarudishwa mwanzo.
Yeye babu hakufundishwa, alihadithiwa tu,
na aliyemhadithia naye aliishia nusu,
kwa kuwa mregho wa ukoo uliondoka na mgeni
aliyeomba kuutazama.

Aliomba kuutazama.
Miaka ishirini na sita nyuma ya meza hii,
neno hilo nalijua. Ni kuazima.

Mchana wasomaji walipopungua
nikatoa kadi tupu kwenye droo.
Jina la kitabu: silijui.
Waandishi: wengi, wa Moshi ya Kale.
Lugha: mikato.
Hali: kimeazimwa.
Tarehe ya kurudisha:
kalamu ikasita hapo, nikaandika, Imepita.

Faini yetu ni shilingi hamsini kwa siku.
Nikazidisha kwa siku za miaka mia na ushei,
ikaja milioni mbili na kitu,
bei ya pikipiki iliyokwisha kuanguka mara mbili.
Nikaona aibu, nikafuta.

Saa kumi akaingia Elifuraha wa Kiboriloni,
sare imelowa, kitabu kikavu ndani ya mfuko wa rambo.
Amechelewa siku kumi na tisa.
Hakunitazama usoni. Alitoa kwanza jani la isale,
akaliweka mezani kwa mikono miwili.
"Mama amesema nianze na hili."

Nani atadai baada ya hapo?
Nikagonga muhuri, nikamwambia akachague kingine.
Alichukua kile kile.

Jani nimelilaza kwenye droo, juu ya ile kadi.
Kule kwao haliwezi kuota, nilitazama:
bustani yao ilikuwa na vijiti vya waridi na theluji.
Labda kesho niende posta, niulize
gharama ya kutuma chipukizi moja la isale,
limefungwa vizuri kwenye gazeti bichi,
pamoja na maelekezo ya kumwagilia.